Chuo kumkopesha mwanafunzi aliyekwama huku boom halijatoka, inaendeshwaje?

Waziri wa Msoto

Habari zenu wakuu, heshima kwa wakubwa wote. Niko chuo kimoja hapa Mbeya mwaka wa tatu na nimepewa uwaziri wa mikopo kwenye serikali yetu ya wanafunzi, cheo ambacho ukikisikia ni kikubwa ila kazi yenyewe ni kupigiwa simu saa tano usiku mtu anakuuliza "mheshimiwa boom lini", yaani ile hela ya chakula na malazi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo. Sasa wiki hizi ndo zile zenyewe, semesta imefunguliwa, boom halijasoma, wenye nyumba huku Iyunga na Ikuti wanataka kodi ya miezi mitatu mkononi ndo wakupe funguo, na watoto wa watu wanapiga pasi ndefu, mtu anakula saa kumi jioni imeisha hiyo mpaka kesho.

Kuna binti wa mwaka wa kwanza katokea Mbarali alikuja ofisini kwetu, hela wala hakuomba, aliomba tukaongee na mwenye nyumba asimtolee godoro nje. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa ameshajiongeza mwenyewe, kakopa elfu hamsini kwenye aplikesheni ya simu, wakamkata juu kwa juu akapokea pungufu, na siku ya kulipa ilivyopita wakaanza kutuma meseji kwa mjomba wake na mpaka kwa mwalimu wake wa sekondari kwamba huyu ni tapeli. Yaani namba zote za kwenye simu yake walikuwa nazo.

Nimesikia vyuo vya nje huko chuo chenyewe ndo kinamkopesha mwanafunzi aliyekwama, hela ndogo ya muda mfupi, haina riba, yake ikiingia anarudisha. Nataka tuandike andiko tulipitishe kwa mshauri wa wanafunzi mpaka lifike baraza la chuo. Anayejua naomba anielekeze, nani anapewa, kiasi gani, dhamana ni nini na asiyelipa anafanywaje. Matusi leo sihitaji, nina njaa pia.

Kibonge wa Kabwe

Boom likitoka Ijumaa, Jumamosi nusu ya chuo iko Mwanjelwa inabadilisha simu na nusu nyingine inabeti, Jumatatu mnaanza kulia njaa. Leo mnataka mkopo juu ya mkopo. Sisi tulisoma kwa mihogo.

Ndaga Fijo

Mkuu mimi ni wa Tukuyu, sahivi niko Uingereza nasoma na chuoni huwa nafanya kibarua dawati la wanafunzi kwahiyo haya mambo nayaona kila siku, ngoja nikueleze kwa urefu kidogo.

Huku serikali inawakopesha wanafunzi wake hela ya kujikimu, England inaingia mara tatu kwa mwaka, mwanzo wa kila muhula, na ile ya kwanza haitoki mpaka umejisajili na chuo kimethibitisha kwamba kweli umefika. Kwahiyo lile pengo lenu la "nimefika ila hela haijafika" na huku lipo vilevile. Ndo hapo chuo kinaingia na mkopo wa muda mfupi. Unajaza fomu mtandaoni, unaweka stetimenti ya benki, unaeleza umekwamia wapi na hela yako unaitegemea tarehe ngapi, mtu mmoja anaipitia, na kama iko wazi hela inaingia ndani ya siku chache, pengine kesho yake. Ni hela ndogo ya chakula na nauli na kodi iliyobana, ya kulipia ada haimo. Vyuo vingine wakiona una njaa leoleo wanakupa kwanza vocha ya kununulia chakula dukani, mambo ya fomu baadaye. Riba hakuna. Tarehe ya kurudisha wanaipanga iangukie siku ambayo hela yako ya serikali inaingia.

Sasa shika hili maana ndo roho ya jambo lote. Mkopo wanampa mtu ambaye kuna hela YAKE inakuja na inajulikana inakuja, imechelewa tu. Ambaye hana hela yoyote inayokuja, baba kafukuzwa kazi, mzazi kafariki, huyo hawamkopeshi, wanampeleka kwenye mfuko mwingine ambao ni wa ruzuku, harudishi, ila huko wanamchimba zaidi, stetimenti za miezi kadhaa, na wanauliza kwanza kama umeshaomba mkopo wa serikali ukapewa wote unaostahili. Zamani serikali ilikuwa inavipa vyuo vya England fungu maalumu la kusaidia wanafunzi waliokwama, likafutwa 2014, toka hapo chuo kinatoa mfukoni kwake na kwa wafadhili, wengi wao waliosoma hapohapo.

Marekani nao wanao, mara nyingi unarudisha ndani ya mwezi mmoja mpaka mitatu, na ukizingua wanakufungia usajili wa semesta inayofuata, husajili somo lolote mpaka ulipe.

Sisi wageni tunapewa pia ila kwa mbinde, kwa sababu wakati wa viza ulishaonyesha una hela ya kutosha, kwahiyo wanataka kujua ni kitu gani kimebadilika hapa katikati.

@Kibonge mzee wangu huyo mwenye kubeti huku anaonekana kwenye stetimenti, miamala yote iko pale, na wanamuuliza. Huhitaji kuwanyima wote kwa ajili yake.

Mnyalu Mpole

Kamwene wadau. Mimi ni mhasibu, nimekaa ofisi za chuo hapa Iringa miaka mingi mpaka nikaondoka, nikwambie mdogo wangu andiko lako litakwama wapi kabla hujapoteza wino.

Wewe unadhani watakataa kwa roho mbaya. Hapana. Chuo cha umma kila shilingi inakaguliwa na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Mtumishi akipewa masurufu akasafiri asipoyarejesha unamkata kwenye mshahara, biashara imeisha. Mwanafunzi utamkata wapi? Hiyo hela ikikaa kwenye vitabu mwaka wa kwanza na wa pili hajalipa inakuwa hoja ya ukaguzi, na anayekwenda kuijibu siyo waziri wa mikopo wa wanafunzi, ni mimi. Kwahiyo ukienda na andiko lenye huruma nyingi na halina ukurasa wa marejesho mhasibu atalifunga kwenye faili kwa adabu kabisa na hutalisikia tena.

Na usije na lile wazo ambalo kila serikali ya wanafunzi inakuja nalo, kwamba chuo kikate kwenye boom. Boom halipiti kwenye akaunti ya chuo. Bodi inatuma, mnasaini kwa kidole kwenye mfumo, hela inaingia akaunti ya mwanafunzi. Zamani za kupanga foleni dirishani ungeweza kumkamata mtu pale, sahivi huna pa kumkamatia. Huyo ndugu wa Uingereza naamini hata kwao hela inaenda moja kwa moja kwa mwanafunzi, atanirekebisha.

Dhamana mliyonayo ni ndogo lakini ipo. Namba ya malipo inatengenezwa siku ileile anayopewa mkopo, jina lake, kiasi, tarehe, deni linakaa kwenye akaunti yake ya chuo kama deni la ada, asipolipa anakutana nalo akija kujisajili semesta inayofuata. Chanzo cha hela msikiombe chuoni chote. Mna michango ya serikali ya wanafunzi inayokusanywa kila mwaka, mkisema kila mmoja elfu mbili ndani ya mchango huohuo iende mfuko wa dharura, chuo chenye wanafunzi elfu nne kinakuwa na milioni nane, unakopesha watu themanini laki laki kwa mkupuo na wakirudisha unazungusha tena kwa boom linalofuata. Hapo chuo unakiomba kitu kimoja, akaunti na mtu wa kuisimamia.

Hesabu ya kiwango usiitoe hewani. Posho ya chakula na malazi ni elfu kumi kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, kabla ya hapo 8,500. Kwa awamu ya siku sitini ni laki sita. Mtu aliyecheleweshewa wiki mbili anahitaji chakula cha wiki mbili, ukimwekea elfu tano kwa siku ni elfu sabini. Ukomo wa laki moja unatosha, ukipandisha hapo boom likitoka linakuwa limeshaliwa lote na anakopa tena.

Ndaga Fijo

Mnyalu uko sahihi, na huku inaenda akaunti ya mwanafunzi, chuo kinaweka makubaliano benki ikatwe tarehe fulani. Na ulivyogusia adhabu kuna kitu Waziri na wenzake wakiweke kwenye andiko. Huku vyuo vilikuwa na tabia ya kumzuia mtu kuhitimu kwa sababu ya deni ambalo si la ada, mfano hosteli au mkopo kama huu, mwaka 2014 chombo cha serikali kilichokuwa kinalinda wateja kikavionya kwamba masharti ya namna hiyo yanaweza kuwa kinyume na sheria. Mimi ningewashauri msiguse kadi ya mtihani. Mtu anadaiwa elfu sabini anakosa mtihani anarudia somo, hasara yake inakuwa mara ngapi ya deni?

Mnyalu Mpole

Kwenye kadi ya mtihani naungana na wewe japo wakubwa zangu wa kazi wangeninunia. Kujisajili inatosha.

Zamani Afisa Mikopo

Naongeza la kwangu fupi. Nusu ya hao wanaolia boom halijatoka, limetoka. Akaunti ya benki imelala, jina la benki na la Bodi havifanani herufi, hajakamilisha usajili chuoni, amehama kozi taarifa haijafuata, chuo kimechelewesha matokeo yake Bodini, au hela iko kwenye mfumo na yeye hajaenda kusaini kwa sababu yuko Chunya kwa shemeji. Na usiposaini kwa muda wake inarudishwa Bodi halafu unaanza kuifukuzia upya. Kwahiyo fomu yenu swali la kwanza liwe "umekwama hatua ipi" na anayejibu awe afisa mikopo kwa kuangalia mfumo, siyo mwanafunzi kwa maneno yake. Kuna watu utawamalizia shida yao kwa kuwatuma benki tu na hutatoa hata mia.

Wakili Njaa

Angalizo la kisheria. Mkianza kukopesha kwa riba, hata mkiiita ada ya fomu, mnaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Mkopeshaji wa biashara anatakiwa leseni ya Benki Kuu, vikundi vya kijamii daraja la nne vinasajiliwa kupitia halmashauri, saccos ni mambo ya ushirika. Mfuko wa chuo usio na riba unaoendeshwa ndani ya kanuni za chuo uko pazuri zaidi, kaeni hapo. Na yule binti mwambieni Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) walitaja majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, aangalie kama aliyokopa imo, apige picha meseji zote walizomtumia mjomba wake azihifadhi, akaripoti. Kudaiwa si ruhusa ya kudhalilishwa.

Mama Neema Msosi

Wanangu hamjambo. Mwanangu Neema ndo kanionyesha haya mazungumzo akasema mama hawa wanakuongelea wewe. Mimi nauza chakula karibu na geti la chuo, mwaka wa ngapi sijui, na huo mfuko mnaoutaka mimi ninao, uko kwenye kauntabuku. Kila mwanafunzi ana ukurasa, jina, namba ya simu, namba ya rumu meti wake, na tarehe. Wali maharage namwandikia, chai na chapati mbili namwandikia, akilipa nakata mstari kwa peni nyekundu mbele yake mwenyewe anaona. Boom likitoka siku ileile wanakuja wamepanga foleni utadhani wanagawiwa.

Nawaambieni nilichokiona maana nyie mnasoma na mimi nahesabu sahani. Anayenikimbia siyo maskini. Maskini ananilipa hata kwa mafungu, elfu mbili, elfu tatu, atakuja na ndizi za kwao. Anayenikimbia ni wa mwaka wa mwisho, yule aliyeshapokea boom lake la mwisho. Mwezi wa sita anakula kwa kuandikisha vizuri kabisa na shikamoo nyingi, mtihani ukiisha jioni hiyohiyo yuko stendi na begi. Hao sasa siwaandikii tena zikibaki wiki za mwisho, wanalipa taslimu, na wananinunia.

Na mwingine msimpe hela mkononi. Mpe chakula. Nishampa kijana elfu kumi ya kununua dawa nikamwona jioni ana kofia mpya.

Kibonge wa Kabwe

😂😂 mama nimekuunga mkono, hiyo ya kofia nilikuwa naitafutia mfano.

Ndaga Fijo

Shikamoo mama. Hilo la mwaka wa mwisho ni zito kuliko yote niliyoandika mimi na linaingia kwenye kanuni ileile, boom la mwisho likishapita hakuna hela inayokuja, kwahiyo hakuna cha kukopeshea.

Waziri wa Msoto

Wakuu sijui niseme nini, naandika huku nacopy kila kitu. Mama Neema shikamoo, mimi ukurasa wangu unaujua, niko vizuri.

Nina swali moja bado na ndo linanisumbua zaidi. Chuoni kwetu kuna diploma wengi wasio na mkopo, na kuna wa digrii waliokosa mkopo, au wamepewa ada tu chakula hakuna. Hao boom hawalijui. Kwa kanuni ya Ndaga Fijo hao wote hawakopesheki, na ukweli ndo wanaoshinda njaa kuliko sisi. Andiko likienda hivi linawasaidia wenye nacho na kuwaacha wasio nacho, bunge la wanafunzi litaniuliza na sina jibu.

Mnyalu Mpole

Swali zuri hilo mdogo wangu. Hao usiwaweke kapu moja. Kuna ambaye mzazi ni mkulima na hela ipo ila iko shambani. Chuo kinafunguliwa Oktoba Novemba, kipindi ambacho mzee wa Mbarali ndo anaingiza kila kitu kwenye jaruba, mbegu, trekta, vibarua, mpunga hautoki mpaka kuanzia mwezi wa tano huko. Kahawa ya Mbozi nayo ina miezi yake. Kwa mtoto wa namna hiyo kuna hela inayokuja kabisa, tofauti na mwenye boom ni kwamba inakuja kwa kalenda ya shamba. Mkopeshe, tarehe ya marejesho muwekee mavuno, siyo siku sitini. Na mzazi aongee na nyie kwa simu akubali mwenyewe, kwa sababu atakayelipa ni yeye.

Halafu kuna yule ambaye hata shambani hakuna kitu. Huyo msimkopeshe jamani. Mkimkopesha mtakuwa mmemwongezea deni juu ya njaa, semesta ya pili hajisajili, mnampoteza kwa mkono wenu. Tengeni sehemu ya ile milioni nane, hata robo, iwe ya kutoa bila kurudisha, na waombeni waliohitimu huko nyuma wachangie hapo, misikiti na makanisa pia, huku Iringa nimeona parokia zikilisha wanafunzi kimyakimya. Hiyo robo itaisha kila mwaka, iandikeni tangu mwanzo kwamba itaisha, mkaguzi asije akauliza marejesho yako wapi.

Zamani Afisa Mikopo

Na waliokosa wakumbusheni kukata rufaa dirisha la Bodi likifunguliwa, kila mwaka kuna watoto wanaachwa kwa sababu ya kiambatisho kimoja, cheti cha kifo cha mzazi hakijahakikiwa RITA, wale wa vizazi na vifo, au fomu haina sahihi ya mwenyekiti wa mtaa. Hilo ni kazi ya wizara yako waziri, halihitaji mfuko.

Waziri wa Msoto

Sawa wakuu. Nimeamua andiko liwe kurasa mbili, ukurasa mzima wa pili ni marejesho kama alivyosema Mnyalu. Ukomo laki moja, afisa mikopo anaangalia mfumo kwanza, awamu ya mwisho ya mwaka wa mwisho hakopeshwi, wenye mavuno wanalipa kwenye mavuno, robo ni ya kutoa. Na nataka sehemu ya mkopo iwe vocha ya chakula badala ya hela, mwanafunzi anakula, mfuko unamlipa mama lishe. Mama Neema ungekubali utaratibu kama huo?

Mama Neema Msosi

Nakubali ila sikilizeni. Mnilipe kila Ijumaa. Siyo mwisho wa mwezi, siyo "mama hundi bado haijasainiwa", Ijumaa. Mchele wa Kyela pale Mwanjelwa sikopeshwi mimi, natoa taslimu, na mkaa ndo usiseme. Mkinichelewesha wiki mbili nitakuwa mimi ndo naomba huo mkopo wenu. Na wenzangu wa upande wa pili wa barabara nao muwaweke, msije mkaniletea chuo kizima nikashindwa.

Waziri wa Msoto

Mama hilo la Ijumaa naliandika hivyohivyo. Kesho nakuja na mwenzangu wa fedha tukae tuandike bei za sahani, tuje saa ngapi?

Mama Neema Msosi

Njooni saa nne. Saa sita mkinikuta na foleni sina mkono wa kushika karatasi. Na yule binti wa Mbarali mje naye.